Biashara ya tishu za maabara: mwenye tandiko ndiye mwenye soko

KAMPUNI ya Sartorius ya Ujerumani ilipotangaza mwaka 2025 kwamba inainunua MatTek, kiwanda cha Marekani kinachotengeneza ngozi ya binadamu katika vikombe vidogo vya maabara, bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 80. Muuzaji, kampuni ya BICO ya Uswidi, alikuwa ameinunua MatTek hiyo hiyo mwaka 2021 kwa dola milioni 100. Safari hii alitoa pia kampuni nyingine ndogo, Visikol, ndani ya mzigo ule ule. Kwa hesabu ya dukani, hiyo ni hasara.

Hata hivyo, bidhaa yenyewe haikuwa imeoza. Ngozi ya maabara inahitajika, hasa kwa kuwa Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tangu Machi 2013 uuzaji wa vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama. Mwenye sabuni, losheni au rangi ya nywele anayetaka soko la Ulaya hana budi kuonyesha kwa njia nyingine kwamba mali yake haiunguzi ngozi. Kilichoshuka ni bei ambayo wenye fedha walikuwa tayari kulipa kwa ajili ya matumaini.

Biashara hii ya kukuza tishu za binadamu nje ya mwili imekuwa na tabia ya kupanda na kushuka namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Mwekezaji mdogo anayetaka kujua sababu lazima kwanza aelewe jambo moja la maabara, ambalo taarifa nyingi za kampuni hulipitia haraka haraka. Jambo lenyewe ni kwamba seli hai haifuati chakula peke yake. Inafuata pia ugumu au ulaini wa mahali ilipolala, na kama tandiko si sahihi, seli nzuri hutoa mali mbovu.

Sahani ngumu

Kwa miaka mingi seli zilikuzwa juu ya sahani za kioo na baadaye za plastiki. Sahani hizo ni rahisi, ni safi, na mtu anaweza kuzitazama kwa hadubini bila shida. Lakini plastiki ya maabara ni ngumu kuliko tishu laini za mwili kwa zaidi ya mara milioni moja. Seli ya titi, ya ini au ya ubongo ikiwekwa hapo hujitandaza kama chapati na mara nyingi huacha kazi yake ya asili.

Mfano uliofungua macho ya wengi ulitolewa mwaka 1977 na Joanne Emerman na Dorothy Pitelka wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walichukua seli za matiti ya panya na kuziweka juu ya jeli ya kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na kano. Jeli iliyobaki imegandamana na sahani ilikuwa na seli bapa, zisizo na dalili nzuri za kutengeneza maziwa. Jeli iliyobanduliwa na kuachwa ielee ilinywea, nazo seli zikasimama wima, zikajipanga na kurudia umbo la seli zinazotoa maziwa.

Seli zilikuwa zile zile, jeli ile ile na chakula kile kile. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba jeli inayoelea inakubali kuvutwa, na iliyogandamana haikubali.

Seli huvuta kamba

Kila seli ya aina hii ina nyuzi ndani yake ambazo hujikaza mithili ya kamba za jahazi. Nyuzi hizo zimefungwa kwenye vishikizo vilivyo kwenye utando wa seli, vinavyoitwa integrini, na vishikizo hivyo hushika tandiko lililo nje. Seli huvuta, kisha hupima tandiko limekubali kiasi gani. Mwaka 1980 Albert Harris na wenzake walionyesha jambo hilo waziwazi walipoweka seli juu ya utando mwembamba wa silikoni. Utando ule ulijikunja makunyanzi chini ya kila seli, kama shuka linalovutwa na mtu aliyelala.

Kipimo cha ugumu kinachotumiwa na mafundi wa kazi hii huitwa kilopaskali. Mwaka 2006 Adam Engler na Dennis Discher wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na wenzao, walitoa hesabu ambayo hadi leo hutajwa katika vitabu vya biashara hii. Walichukua seli shina za uboho wa binadamu, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi, wakaziweka juu ya jeli za ugumu mbalimbali. Juu ya jeli laini kama ubongo, kati ya kilopaskali 0.1 na 1, zilianza kuonyesha alama za seli za neva. Juu ya jeli ya kati, 8 hadi 17, zilielekea kwenye misuli. Juu ya jeli ngumu zaidi, 25 hadi 40, zilielekea kwenye mifupa.

Upande wa maradhi, Valerie Weaver na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba kukaza tandiko kulitosha kuzifanya seli za titi zilizokuwa zimejipanga vizuri zivunje mpangilio wao na kuanza kuonyesha tabia za uvimbe. Uvimbe wa titi wenyewe ni mgumu kuliko titi zima, na ndiyo maana huweza kuhisiwa kwa vidole. Mwaka 2011 kundi la Stefano Piccolo la Padova, Italia, likataja wajumbe wawili ndani ya seli, YAP na TAZ, wanaopeleka habari ya ugumu hadi kwenye kiini, ambako jeni huwashwa na kuzimwa.

Kwa lugha ya sokoni, tandiko ni sehemu ya mali. Si kifungashio tu.

Ndani ya jeli mambo ni mengine

Hapa ndipo wawekezaji wengi huingizwa mkenge na maneno matamu. Hesabu za mwaka 2006 zilipatikana juu ya jeli, yaani seli ikiwa imelala juu kama mtu juu ya godoro. Tishu halisi ina pande tatu. Seli imezungukwa juu, chini na ubavuni, na ikitaka kujinyoosha lazima ikate njia.

Mwaka 2010 kundi la David Mooney la Harvard lilifungia seli shina ndani ya jeli ya aljineti na kuona kwamba dalili za mfupa zilikuwa nyingi pale ugumu ulipokuwa kilopaskali 11 hadi 30, ingawa seli zilibaki mviringo. Mwaka 2013 kundi la Jason Burdick la Pennsylvania likaonyesha upande mwingine. Ndani ya jeli ambayo seli haziwezi kuikata wala kuivuta, zilielekea kuwa mafuta. Ziliporuhusiwa kuikata na kuivuta, zilielekea kuwa mfupa.

Kuna na jambo la tatu, nalo ni mwendo wa kulegea. Tonge la ugali likibonyezwa kwa kidole gumba hubaki na shimo. Mpira ukibonyezwa hurudi ulivyokuwa. Vyote viwili vinaweza kuwa na ugumu unaokaribiana mwanzoni, lakini seli huona tofauti. Mwaka 2016 Ovijit Chaudhuri na wenzake walionyesha kwamba jeli inayolegea haraka baada ya kuvutwa iliziruhusu seli shina kutanuka na kutengeneza mfupa zaidi kuliko jeli inayong'ang'ania umbo lake.

Kwa hiyo kampuni ikijitangaza kwamba imepata "ugumu sahihi", mwenye fedha ana haki ya kuuliza ugumu huo umepimwa juu ya jeli au ndani yake, na kama seli zinaweza kuikata. Maswali hayo yanaweza kutenganisha mali na maneno.

Kisa cha ngozi iliyojikunja

Historia ya kampuni ya Organogenesis ya Massachusetts inafaa kusomwa na kila anayenunua hisa za aina hii.

Mwaka 1979 Eugene Bell wa chuo cha MIT na wenzake walichanganya seli zinazosuka nyuzi za ngozi na jeli ya kolajeni. Seli ziliivuta jeli ile kwa nguvu hata ikanywea, na katika saa 24 eneo lake liliweza kufikia sehemu moja ya 28 ya lilivyokuwa mwanzo. Kilichobaki kilikuwa kitu kizito kidogo, chenye kushikana, kinachofanana na ngozi ya ndani. Yaani seli zenyewe zilitengeneza ugumu zilioutaka. Bell alianzisha Organogenesis mwaka 1985 ili kuigeuza kazi hiyo kuwa mali ya hospitali.

Mali yenyewe iliitwa Apligraf. Ni kipande cha mviringo chenye tabaka mbili. Chini ni kolajeni ya ng'ombe na seli za binadamu zilizoikaza, na juu ni seli za ngozi ya nje. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliipa kibali mwaka 1998 kwa vidonda sugu vya mguu vinavyotokana na mishipa ya damu, na mwaka 2000 ikaongeza vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Kwa mgonjwa mwenye kidonda kisichofunga, hili si jambo dogo, kwani njia nyingine mara nyingi huishia kwenye msumeno wa daktari.

Soko lilishangilia. Lakini Apligraf ni kitu hai, haiwekwi rafuni kama bandeji. Ikitoka kiwandani ina siku chache tu za kutumika, na gharama ya kuitengeneza ilikuwa kubwa. Septemba 2002, miaka minne baada ya kibali, Organogenesis iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mwezi uliofuata mshindani wake, Advanced Tissue Sciences ya California, naye akafanya hivyo hivyo. Huyu alikuwa akitengeneza Dermagraft, ambayo seli zake hukuzwa juu ya wavu wa uzi unaoyeyuka, wa aina inayotumiwa na wapasuaji kushonea.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini bidhaa hazikufa. Organogenesis ilijipanga upya kama kampuni binafsi. Dermagraft ilipita mikono kadhaa hadi kwa kampuni ya Advanced BioHealing, ambayo ilinunuliwa na Shire mwaka 2011 kwa dola milioni 750. Mwaka 2014 Shire iliikabidhi Dermagraft kwa Organogenesis bila malipo ya awali, kwa makubaliano ya kulipwa baadaye kutegemea mauzo. Desemba 2018 Organogenesis ilirudi katika soko la hisa, safari hii Nasdaq.

Mwenye hisa wa mwaka 1998 hakufaidi safari hiyo yote. Sayansi ya Bell ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, ila fedha ziliisha kabla soko halijakomaa. Hadi leo mlipaji mkubwa wa mali ya aina hii Marekani ni Medicare, bima ya serikali kwa wazee, na kanuni zake za malipo zikibadilika hisa huyumba hata kama hakuna seli iliyobadili tabia.

Jeli ya uvimbe wa panya

Wanaofanya biashara ya majembe hupata faida hata pale mavuno yanapokuwa haba. Katika soko hili majembe ni matandiko yenyewe, na linalojulikana kuliko yote ni Matrigel.

Matrigel hutolewa katika uvimbe wa panya unaoitwa EHS. Ikiwa baridi ni majimaji, ikipata joto la mwili huganda na kuwa jeli laini. Sehemu kubwa ni laminini na kolajeni ya aina ya nne, lakini wachunguzi wamehesabu ndani yake zaidi ya aina 1,800 za protini. Chupa ndogo ya mililita 10 huuzwa kwa mamia ya dola. Kampuni ya Corning ya Marekani iliipata Matrigel mwaka 2012 iliponunua sehemu kubwa ya idara ya vifaa vya maabara ya BD kwa takriban dola milioni 730.

Kazi mashuhuri ya mwaka 2009 ya Toshiro Sato na Hans Clevers wa Uholanzi, iliyokuza vijitumbo vidogo kutoka seli moja ya utumbo wa panya, ilifanyika ndani ya Matrigel. Tangu hapo maabara nyingi hukuza vijiungo vya namna hiyo, vinavyoitwa oganoidi, kwa ajili ya kujaribu dawa.

Udhaifu wake unajulikana. Mzigo mmoja hautoshani kabisa na unaofuata, ugumu wake hauwezi kubadilishwa kwa urahisi, na kitu kilichotoka katika uvimbe wa panya si rahisi kukubalika ndani ya mwili wa mgonjwa. Ndiyo maana wapo wanaotengeneza jeli za kiwandani zenye vipimo vinavyojulikana. Mwaka 2016 kundi la Matthias Lutolf la Lausanne, Uswisi, lilionyesha kwamba seli shina za utumbo zinapenda jeli ngumu zaidi wakati wa kuongezeka, kisha zinahitaji jeli laini ili kujenga kijiungo kamili. Tandiko moja lisilobadilika halikutosha.

Kwa mwenye kiwanda, hiyo ni fursa. Kwa mwenye hisa za muuzaji wa jeli ya zamani, ni onyo la polepole, kwani maabara iliyozoea mali fulani haibadilishi kwa siku moja. Kubadili tandiko ni kurudia majaribio upya.

Chipu inayopumua

Upande wa dawa, fedha nyingi zimeelekezwa kwenye chipu za viungo. Mwaka 2010 Dan Huh na Donald Ingber wa taasisi ya Wyss, Harvard, walitengeneza pafu dogo ndani ya kipande cha mpira wa silikoni. Seli za pafu zilikaa upande mmoja wa utando, za mishipa ya damu upande wa pili, na utando ukavutwa na kuachiwa mithili ya mtu anayepumua. Vumbi laini mno la silika lilipopitishwa, seli zilizokuwa zikivutwa zilidhurika zaidi kuliko zilizotulia. Sahani isiyopumua ingeficha sehemu ya sumu hiyo.

Kampuni ya Emulate ya Boston ilizaliwa kutokana na kazi hizo. Desemba 2022 watafiti wake walichapisha majaribio ya chipu 870 za ini na dawa 27. Chipu zilitambua asilimia 87 ya dawa zenye sumu kwa ini, na hazikuisingizia hata moja kati ya zilizo salama. Mwezi huo huo Rais wa Marekani alitia saini sheria iliyoondoa sharti la kwamba kila dawa mpya lazima ijaribiwe kwa wanyama kabla ya binadamu. Aprili 2025 FDA ikatangaza mpango wa kupunguza hatua kwa hatua majaribio ya wanyama, ikianzia na dawa za kingamwili.

Habari hizo ni nzuri, lakini zisimvimbishe mtu kichwa. Sheria imefungua mlango tu, haijaamuru kiwanda chochote cha dawa kununua chipu. Aidha, mpira wa silikoni unaotumika katika chipu nyingi hunyonya baadhi ya dawa, na kipimo kikapotoka.

Wenye mwani wasikimbilie

Aljineti iliyotajwa hapo juu hutokana na mwani, na bila shaka msomaji wa Unguja au Pemba atashtuka kusikia mwani unakuza mfupa. Ni vema kutofautisha. Aljineti hutoka katika mwani wa kahawia wa bahari za baridi, kama za Norwei na Chile. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989 ni mwekundu na hutoa karajini, inayonunuliwa zaidi na viwanda vya vyakula na dawa za meno. Tena, bei ya aljineti ya maabara iko katika kuisafisha na kuipima, si katika uzito wa magunia. Anayeambiwa alimbikize mwani ghalani kwa kuwa "wazungu wanatengeneza viungo vya binadamu" anauziwa mbuzi ndani ya gunia.

Maswali kabla ya kutoa fedha

Hakuna kampuni iliyotajwa hapa iliyo katika orodha ya Soko la Hisa la Dar es Salaam wala la Nairobi. Lakini wapo wasomaji wenye akaunti kwa madalali wa nje, na wapo wenye jamaa ughaibuni wanaoombwa mchango katika kampuni changa za aina hii. Kwao, mambo manne yanafaa kuulizwa.

Kwanza, tandiko ni la nani? Kampuni inayonunua jeli kwa mwingine imeweka shingo yake mikononi mwa muuzaji huyo.

Pili, mzigo wa leo unafanana na wa mwezi ujao? Kampuni makini itaonyesha vipimo vya ugumu, vya kulegea na vya kukatika kwa kila mzigo, tena vilivyopimwa seli zikiwa ndani.

Tatu, nani analipa? Kiwanda cha vipodozi, kiwanda cha dawa na bima ya wagonjwa ni wateja watatu tofauti, na kila mmoja ana mwendo wake.

Nne, fedha zilizopo zinatosha miaka mingapi? Seli za Bell zilikaza jeli ndani ya saa 24. Kibali cha kuiuza kilikuja miaka 19 baadaye, na hata hapo aliyekuwa na mtaji wa miaka minne hakufika.